Mheshimiwa Mkurugenzi, turudishie ile seli

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Barua zangu tatu karani wako amezigonga muhuri wa "Imepokelewa" kwa uaminifu mkubwa. Hii ya nne naiweka hadharani.

Alhamisi iliyopita rasimu ya maonyesho yetu ya historia ya haki za binadamu ilirudi mezani kwangu. Nilipoandika "mateso", kalamu nyekundu imeandika "changamoto". Changamoto, Mheshimiwa! Msongamano wa magari pale Uhuru Highway ni changamoto. Kumfungia mtu chumba cha giza chini ya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi walimoteswa wapinzani enzi za Rais Moi, maji yakiwa sakafuni, nako ni changamoto?

Na ile seli niliyoichora kwa ukubwa wake halisi imefutwa, pakawekwa ukuta wa wageni kupigia picha. Sijui ni mfadhili aliyeogopa, au kuna mkubwa anayehofia jina la babake.

Siku tulipoipima sakafuni kwa utepe ulikuwepo, ukatuahidi seli itakuwa ndiyo moyo wa maonyesho. Mzee mmoja aliyepitia kule alikuja kutukosoa vipimo. Kabla ya kuvuka utepe aliinama, akavua viatu, akavishika mkononi. Hakuna aliyemwambia avue. Alisimama humo kimya, kisha akasema mlango tumeuweka upande usio wake.

Serikali ilizifungua seli zile kwa umma Februari 2003, ikaahidi makumbusho. Hadi leo watu wanapiga foleni ya pasipoti katika jengo hilohilo. Mwingereza naye, pamoja na ukoloni wake wote, mwaka 2013 alikiri kwamba Wakenya waliteswa enzi za Mau Mau, akakubali kuwalipa wazee 5,228 na kugharimia mnara uliozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Bango letu la habari hiyo ya Mau Mau hamkuligusa. Kumbe mateso ya mzungu yana ruhusa ya kuitwa mateso.

Malipo yangu ya miezi mitano siyadai hapa, ingawa mwenye nyumba angefurahi nikiyadai. Mbao nilinunua kwa pesa zangu, na makopo manne ya rangi nyeusi yako chini ya kitanda changu. Ukuta wa picha uwekeni mlangoni, jina langu liondoeni mkitaka. Seli irudi. Mzee yule hunipigia simu kila Jumapili kuuliza kama mlango tumeshauhamisha, nami humwambia bado kidogo.