Barua kwa Neema kuhusu mkia wa spektra

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Spektra ya NMR ya mafuta ya dagaa uliyonitumia, yaani mchoro wa mistari inayotokana na viini vya atomi vikiwa ndani ya sumaku, imenifikia, na nimeitazama kwa makini kabla ya kukujibu. Unauliza kama sumaku yenu imeharibika. Sidhani; naona uga wake wa sumaku tu haujasawazishwa vizuri pale ilipo sampuli, na umbo la mistari yako linaonyesha pa kuanzia.

Tazama mstari wa TMS, ile kemikali ya rejea, kwenye sifuri. Upande wa kulia unashuka wima, lakini wa kushoto unaburuta mkia. Mkia wa upande mmoja huletwa na koili za kusawazisha uga zenye daraja shufwa, yaani Z2 na Z4 (Z ni mhimili wa tyubu, namba ni daraja), kwa sababu kosa lake huusogeza uga wa juu na wa chini ya sampuli kuelekea upande uleule, ukilinganisha na katikati. Kosa la Z1 au Z3 huongeza uga ncha moja na kuupunguza ncha nyingine, hivyo mstari hutanuka pande zote mbili. Kwa kuwa mkia wako umeanzia chini kabisa, karibu na msingi, ningeishuku Z4 kabla ya Z2.

Hata hivyo usianze na Z4. Pandisha kwanza ishara ya loki, yaani ile ya dyuteriamu (hidrojeni nzito) ya kiyeyushi ambayo mashine huitumia kuushikilia uga, kwa Z1, kisha Z2, halafu urudi Z1, kwani kila ubadilishapo Z2 ile ya kwanza huvurugika. Ishara ikigoma kupanda, usiridhike upesi, maana unaweza kuwa kama mtu aliyesimama juu ya jiwe moja la Mwanza akadhani amemaliza kilima cha Bugando. Sogeza Z3 makusudi hadi ishara ishuke, usawazishe upya Z1 na Z2, ndipo ulinganishe. Nguvu ya loki nayo isizidi, kwa sababu dyuteriamu ikishiba ishara huyumbayumba yenyewe, nawe utabaki kukimbiza kivuli.

Programu ya kusawazisha yenyewe naiheshimu, tena hunipunguzia kazi, ila haiwezi kuondoa uchafu uliomo kwenye tyubu. Dagaa wetu huanikwa mchangani, na mafuta yake hubeba chembe na maji. Yachuje kwa pamba, uyakaushe, na kimiminika kwenye tyubu ya milimita 5 kifike kimo cha sentimita 4 au zaidi. Kikiwa kifupi, mpaka wake na hewa huupinda uga mahali ambapo koili hazifiki vizuri.

Nakusisitizia haya kwa sababu ya hesabu unayotaka kufanya, ya asilimia ya omega-3. Metili (kundi la CH3 la mwisho wa mnyororo) ya omega-3 hutokea karibu na ppm 0.97, yaani sehemu kwa milioni, kipimo cha mahali pa mstari, na ya asidi nyingine za mafuta karibu na 0.88. Kwenye mashine yenu ya megahezi 400 pengo hilo ni hezi 36 tu, na mkia wako unaelekea kushoto, ambako ppm huongezeka, yaani kutoka kwenye kilele kirefu cha 0.88 hadi chini ya kile kidogo cha omega-3. Ukipima eneo la vilele sasa hivi, omega-3 itaonekana nyingi kuliko ilivyo, na dagaa wa Kirumba watapewa sifa wasiyostahili.

Rudia kipimo kwa mafuta yaliyochujwa, kisha unitumie mstari wa TMS peke yake, ukiwa umekuzwa hadi msingi uonekane, kabla hujaandika asilimia yoyote.

Rafiki yako,
Bahati