Mbegu zimejaa tele, mimba haiji: tuongee kuhusu seli zinazozunguka yai

Wanaume wengi wakileta sampuli ya shahawa tuwahesabie mbegu hapa maabarani kwetu Malindi swali lao ni moja tu, "ni ngapi?", na wakiona zimepita milioni 16 kwa mililita, ambayo ndo namba ya chini ya WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, basi bwana anakunja karatasi anatia mfukoni, na kuanzia siku hiyo bibi ndo anasemwa na mama mkwe na mawifi. Hebu ngojeni kwanza.

Yai likitoka kwenye ovari haliji peke yake, limevikwa maelfu ya seli ndogondogo zilizoshikana kwa ute mzito unaovutika kama wa bamia, na mbegu lazima ipite humo, hakuna njia ya pembeni. Na hizo seli hazijakaa pale kama pambo, zinatoa homoni ya projesteroni, sasa mbegu ikikaribia ile homoni inasababisha vijitundu fulani kwenye mkia wake vinaitwa CatSper vifunguke, kalsiamu inaingia, na mkia uliokuwa ukienda polepole unaanza kuchapa kwa nguvu. Kwamba projesteroni ndo inafungua hivyo vijitundu, watafiti wa Marekani na wa Ujerumani walilionyesha 2011, kila kundi kivyake. Mbegu yenyewe nayo inabeba kimeng'enya cha kuyeyusha ule ute, kwa hivyo iliyo dhaifu au haijakomaa inakwama hapohapo hata kama mwanzo zilikuwa mamilioni.

Kuna jingine la 2020, watafiti wa Stockholm na Manchester walichukua maji yanayotoka pamoja na yai wakayapimia mbegu za wanaume tofauti, wakaona maji ya mwanamke huyu yanavuta mbegu za huyu zaidi kuliko za yule, na sio lazima anayevutwa zaidi awe mumewe. (Hii tafadhali msiende kuwaambia mawifi.)

Sasa tuseme ukweli wa biashara, kipimo chetu cha shahawa kinaangalia wingi, mwendo, umbo na ujazo, mambo ya mbegu na seli za yai hatuyapimi na hatutakudanganya. Ndo maana tunawaambia njooni wote wawili, bibi apimwe projesteroni ya damu kama wiki moja kabla ya hedhi, mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 21, wa siku 35 ni ya 28, tujue kama yai limetoka kweli, manake likiwa halijatoka hizo mbegu zote zinaenda kukutana na nani?

Kwa bwana: kaa bila kutoa shahawa siku 2 mpaka 7, na wakati wa kutoa sampuli usitumie mate, sabuni wala mafuta ya nazi, kondomu ya kawaida pia hapana. Sampuli ifike ndani ya saa moja ikiwa karibu na mwili. Wa Mambrui wekeni mfuko wa ndani ya shati, sio mbele ya tuktuk juani, na msije mkaitia kwenye friji mkingoja gari ijae. Mkiona ni mbali fanyieni hapahapa, kuna chumba kina komeo. Na kama mmetafuta mwaka mzima, au miezi sita kwa bibi aliyefika miaka 35, majibu yetu yapelekeni kwa daktari wa uzazi, sisi ni maabara tu, dawa hatuandiki.