Panda kwa bondeni, shuka kwa mizabibuni

Neustadt an der Weinstraße,
Ujerumani.

Mpendwa mtani wangu Yohana,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako imetufurahisha sana, hasa pale uliposema kwamba umekwisha kununua baiskeli ya changarawe, ile ya barabara zisizo na lami, na kwamba unakusudia kuja kuijaribu huku Pfalz, nchi yetu ya mizabibu, mwanzoni mwa Oktoba. Umeuliza upite njia ipi. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu ile ramani uliyonitumia inakupitisha mahali ambapo karibu kila mgeni hupitishwa, nami sioni kama ndipo pa kuanzia.

Mstari uliochora unafuata Weinstraße, yaani ile barabara ya mvinyo iliyozinduliwa mwaka 1935, ambayo huanzia Bockenheim upande wa kaskazini na kuishia Schweigen, mpakani na Ufaransa, mwendo wa kilomita zipatazo 85. Ni nzuri, sikatai. Lakini vijia vingi vinavyounganisha vijiji vyake vimetiwa lami au zege kwa ajili ya matrekta, na mwishoni mwa wiki wakati wa mavuno hujaa watu kiasi kwamba utashuka kwenye baiskeli mara nyingi kuliko utakavyoipanda. Changarawe yenyewe iko juu, msituni. Bahati ya nchi hii ni kwamba Pfälzerwald, mmoja wa misitu mikubwa kabisa ya Ujerumani, huanza pale pale mstari wa mwisho wa mizabibu unapokoma; wakati mwingine ni hatua chache tu kati ya mzabibu na mti wa kwanza. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu, ingia msituni kwa kupitia bondeni, na alasiri ushuke kwenye mizabibu.

Anzia hapa kituo cha treni cha Neustadt, ufuate bonde la mto Speyerbach kupitia Lambrecht hadi Elmstein, takriban kilomita 20. Mwinuko wake ni wa pole sana, kwa kuwa unapanda sambamba na maji. Ukifika maeneo ya Elmstein, simama uangalie kingo za vijito: utaona vimejengewa kuta za mawe mekundu pande zote mbili, kana kwamba ni mifereji ya mjini. Katika karne ya 19, Pfalz ilipokuwa chini ya Bavaria, magogo yalieleshwa kwenye vijito hivi hadi kwenye miji ya tambarare ya mto Rhein. Wafanyakazi walijenga mabwawa madogo huko juu, wakayafungulia kwa pamoja, na maji yakasukuma mbao zote chini kwa mkupuo. Baadhi ya mabwawa hayo yapo hadi leo, yametulia na kuota nyasi kandokando. Mimi huona kwamba mtu anayepita hapa bila kuzitazama kuta hizo amepanda baiskeli bure.

Kutoka Elmstein utapanda hadi Johanniskreuz, njia panda ya kale iliyo katikati ya msitu, na hapo ndipo barabara za wakata miti huanza kwa kweli: pana, zimemwagiwa kokoto zilizopondwa, zinazunguka vilima kwa namna ambayo huoni mwisho wake. Geuka mashariki, ushike mgongo wa milima hadi Lolosruhe, kisha uteremke bonde liitwalo Edenkobener Tal. Wewe ni Mgogo uliyekulia tambarare za Dodoma, na sasa unaishi Uholanzi ambako daraja ndilo mlima. Najua utaniuliza kila baada ya nusu saa milima inaisha lini. Sisi Wahehe hatuna jibu la swali hilo. Hii si Udzungwa, kwani Kalmit, kilele kirefu kuliko vyote katika msitu huu, kina mita 673 tu. Lakini utapanda, utashuka, na utapanda tena, na jumla yake ndiyo itakayokuchosha. Usihesabu kilomita, hesabu mita za kupanda.

Kuhusu baiskeli, tairi zisipungue milimita 40, na usizijaze upepo hadi ziwe ngumu kama unavyozoea kwenye lami. Mwamba wa msitu huu ni jiwe jekundu la mchanga, nalo likivunjika hurudi kuwa mchanga mtupu, hivyo kwenye kona za mteremko gurudumu la mbele huzama ghafla. Faida yake ni kwamba mvua ikinyesha usiku, asubuhi njia imekwisha kukauka. Kule chini kwenye mizabibu ni kinyume: kuna udongo laini wa manjano uliopeperushwa na upepo zama za barafu, ambao ukilowa hunasa kwenye tairi na breki hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Ikiwa imenyesha, kubali kupita kwenye zege na usione aibu.

Sheria ya misitu ya jimbo hili inaruhusu baiskeli kwenye barabara za msituni, si kwenye vijia vyembamba vya waendao kwa miguu, hata kama simu yako itakuambia upite huko. Ukikuta utepe umefungwa kukatiza njia na kibao cha wakata miti, zunguka. Wazee wanaotembea wasalimie kabla hujawafikia, nao watakupisha kwa furaha. Wengi wao ni wanachama wa Pfälzerwald-Verein, chama kilichoanzishwa mwaka 1902, ambacho vibanda vyake vya chakula huendeshwa na watu wanaojitolea. Beba fedha taslimu. Utaletewa Saumagen, tumbo la nguruwe lililojazwa nyama na viazi, pamoja na mvinyo uliochanganywa na maji ya gesi katika glasi ya nusu lita yenye vishimo pembeni ili isiteleze mkononi. Nusu lita ni nyingi kwa mtu ambaye bado ana mteremko mbele yake, kwa hiyo agizeni moja wewe na shemeji.

Ukiibuka kutoka Edenkobener Tal utapita bwawa la Hilschweiher, halafu miti ya chesnati (Oktoba njia huwa imetapakaa maganda yake yenye miiba, angalia tairi), kisha juu ya Edenkoben utaliona kasri la Ludwig wa Kwanza, mfalme wa Bavaria, na tambarare yote ya Rhein chini yako. Kuanzia hapo pita katikati ya mizabibu kuelekea kaskazini, Sankt Martin, Maikammer, Hambach, hadi unarudi Neustadt. Kwenu Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja tu, na ndiyo maana utawakuta watu wote wako shambani kwa wakati mmoja, na trekta haina subira na baiskeli. Kando ya njia huuzwa mvinyo mpya ambao bado unachachuka, kama ulanzi wa kwetu Iringa, mtamu asubuhi na mwingine kabisa ifikapo jioni. Chupa yake haizibwi sawasawa kwa sababu gesi ingeipasua, kwa hiyo usiilaze ndani ya mkoba wa baiskeli.

Kama mtabaki siku ya pili, nendeni kusini: Annweiler, chini ya ngome ya Trifels alimofungwa Richard, mfalme wa Uingereza, mwaka 1193, halafu mshike ukingo wa msitu hadi Schweigen na Wissembourg, ng'ambo ya mpaka. Wakulima wa Schweigen wana mizabibu upande wa Ufaransa, na zabibu zake huvuka kuja kukamuliwa Ujerumani. Mtarudi kwa treni. Njia hiyo ni nyepesi kidogo, na shemeji ataipenda zaidi.

Niandikie mapema mtafika kwa treni ya saa ngapi, na unipimie urefu wa miguu ya shemeji, kutoka kwenye kinena hadi chini, ili nimwazimie baiskeli inayomfaa. Gia zako pia zitazame: kama ile ndogo ya mbele ina meno mengi kuliko kubwa ya nyuma, mpelekee fundi akubadilishie kabla hujaondoka Rotterdam.

Wako katika utani na urafiki,
Lutengano