Zamu yako ikiisha, rudi

Marahaba, binti yangu. Ujumbe wako nimeupata, na mama yako nimemsomea mwenyewe kwa sababu miwani yake imevunjika. Berberati tumeitafuta kwenye atlasi ya mdogo wako, tukaiona kule Afrika ya Kati, si mbali na mpaka wa Kameruni. Safari yenyewe sina neno nayo. Kulinda amani ni kazi ya heshima. Neno langu ni lile ulilolidokeza mwishoni, kwamba ikitokea nafasi ya kuongeza muda utajiandikisha. Hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Tena ukanitajia Jaji Cross, kwamba naye vitani aliongeza muda, maana unajua ninavyompenda. Babu yako alikuwa tarishi Mahakama Kuu, Kivukoni, miaka ile ya 1967 hadi 1971 Ulric Cross alipokuwa jaji hapa kwetu, na habari zake tumekua nazo. Basi tumtaje mzima, usichukue kipande kinachokufaa wewe.

Ni kweli, yule Mtrinidadi wa Belmont, Port of Spain, kule visiwa vya Karibi, aliingia jeshi la anga la Uingereza mwaka 1941, Vita Kuu ya Pili, kwa hiari yake, akawa msoma ramani kwenye ndege za mabomu za Mosquito. Wewe unaona ushujaa. Mimi seremala naziona zile ndege. Zilikuwa za mbao! Plaiwudi nje na ndani, katikati mti mwepesi wa balsa, vyote vimeshikana kwa gundi, na baadhi ya vipande vilitoka kwa mafundi wa samani, watu wa viti na makabati kama mimi. Ndani wanakaa wawili tu, bega kwa bega, rubani na yeye na ramani yake, wanaingia Ujerumani usiku kudondosha mioto ya rangi ili wenzao wanaofuata wajue pa kulenga. Mbao naijua, mwanangu. Naijua inavyopasuka.

Kwa kawaida mtu akimaliza safari 30 alipumzishwa. Cross alikataa kupumzika, akafikisha 80, zaidi ya 20 zikiwa za Berlin. Akapata nishani mbili kubwa, DFC na DSO. Lakini katika askari wa anga kama 125,000 wa ndege za mabomu za Uingereza, zaidi ya 55,000 walikufa. Nao walikuwa na baba zao. Wewe unamhesabu huyu aliyerudi. Zamu yako ikiisha, rudi.

Tazama na aliyoyafanya baada ya vita. Akasoma sheria London, akawa wakili mwaka 1949, akafanya kazi Ghana, akawa mwanasheria mkuu Kameruni, ndipo akaja kwetu kukalia kiti cha hukumu na kufundisha sheria Mlimani, palepale uliposoma wewe. Akarudi kwao, akapanda hadi Mahakama ya Rufani, na uzeeni akashiriki kuanzisha Cotton Tree Foundation kusaidia maskini wa mitaa ya nyumbani kwake. Alifariki Oktoba 2013 akiwa na miaka 96. Kama angeangukia Berlin, hayo yote yasingekuwapo, na babu yako asingekuwa na jaji wa kumbebea majalada.

Joho lako la uwakili bado liko kabatini, mama yako hulianika kila mvua zikiisha. Sikuambii uache jeshi. Niliyoyasema siku unaondoka kwenda depo yabaki siku ile. Hapa mtaani wakikutaja natembea kifua mbele, na uliposhinda mita 1,500 nilifunga karakana saa nane mchana. Filbert Bayi naye alikuwa askari alipovunja rekodi ya dunia ya mita hizohizo mwaka 1974. Kimbia na huko, lakini ndani ya kambi, na usiwe wa kwanza kunyoosha mkono kila doria ikitafutiwa watu. Desemba 2017, miili ya vijana wetu 14 ilipoletwa kutoka Kongo, nilizima redio nikashindwa kula. Nakuomba tena, mama, muda ukiisha usiongeze.

Pesa uliyotuma nimenunulia bati, paa la jikoni halivuji tena. Ada ya mdogo wako imebaki kidogo, nitamalizia nikilipwa milango ya shule. Hati ya kiwanja chako mwachie shangazi yako, usiiache bwenini. Tarehe ya kurudi mkishapewa, nitumie siku hiyohiyo. Na bibi yako anauliza kama mnaruhusiwa kubeba dagaa. Nijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu basi la Dar linaondoka alfajiri na tayari ameshawakaanga.

Baba yako