Nishikie mpaka Jumamosi

Mafiati, Mbeya
Jumapili usiku, mwezi wa saba

Kamwene ndugu yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Nilitaka kukujibu hivyo hivyo kwa sauti, nikaona hapana. Mambo haya bora yaandikwe, uyasome tena siku umeshika spana na mteja amesimama mlangoni.

Kwanza Mungu ashukuriwe mmetoka wazima. Kugongwa na lori kwa nyuma kwenye foleni ya mlima Kitonga, halafu mtu ashuke na mchubuko wa kiwiko na shingo inayouma, si jambo la kila siku. Mwambie shemeji asiache kwenda hospitali eti kwa sababu maumivu yamepungua. Huku baridi imetukalia. Mlima Loleza hauonekani mpaka saa nne asubuhi, na mama amehamishia kiti chake jikoni kabisa.

Nije kwenye gari lako, hiyo Toyota IST. Unasema bodi imekunjika mpaka chini ya viti vya nyuma, kulinyoosha ni gharama kuliko gari lenyewe, kwa hiyo umeamua kulichinja hapo hapo Ipogolo, Iringa, uuze spea moja moja, kuliko kumpa mtu wa skrepa kwa bei ya kutupa. Sikupingi. Ila usifungue hata nati moja kabla hujamalizana na watu wa bima. Mkaguzi wao lazima alione gari lilivyo, na wakikulipa kama gari lililokufa, waulize kwa maandishi mabaki ni ya nani. Usije ukauza mlango kumbe si wako tena.

Kwa kuwa uligongwa nyuma, injini bado inawaka. Usiitoe mapema. Mteja aikute ndani ya gari, tena ikiwa ya baridi. Asubuhi ya Iringa mwezi huu haina mchezo: injini iliyolala usiku kucha ikiwashwa saa moja inatoa siri zake zote. Moshi mweupe kidogo utatoka, huo ni mvuke tu na utakwisha ikipata moto. Ukizidi kutoka na maji yakawa yanapungua kwenye rejeta, hapo tazama gasketi au silinda hedi. Wa bluu ni oili inaungua. Mimi nikienda kununua nagusa boneti kabla sijamsalimia mwenye mali, na nikiikuta ya moto najua ilichemshwa kwa ajili yangu. Hata bei iwe nzuri namna gani, moyo unarudi nyuma. Kwa hiyo wewe usiiwashe, hata kwa kujaribu betri.

Na ukitangaza, taja namba ya chesesi inavyoanza. NCP61 ni injini ya 1NZ, cc 1,496. NCP60 ni 2NZ, karibu cc 1,300. NCP65 ndiyo inayovuta matairi yote manne, na giaboksi yake huwezi kuibandika tu kwenye gari kama lako. Mtu wa Njombe akipanda basi kwa sababu ulisema "giaboksi ya IST" ukaishia hapo, akafika ikawa siyo, nauli yake iko shingoni mwako ingawa hukumdanganya.

Nauli za watu ndizo zinazonifanya nikuandikie usiku huu.

Unaikumbuka Korola yangu, ile AE110 uliyoisukuma Mlima Nyoka na viatu vya harusi? Ilipochemsha mara ya mwisho ikaua hedi, niliichinja. Giaboksi ilikuwa nzima, nikataka laki nne. Mzee mmoja wa Kyela akapata namba yangu kwa fundi wa Mwanjelwa, akapiga. Tukazungumza muda mrefu, mengine hata si ya gari. Mzee wa taratibu, ana teksi moja, anauliza kitu kimoja kisha anasubiri umalize kujibu. Nikamwambia mama yangu hali mchele mwingine ila wa Kyela, akacheka sana. Tukapatana laki tatu na nusu. Akasema, "Nishikie mpaka Jumamosi, mwanangu." Nikamjibu, "Nimekushikia, baba."

Ijumaa jioni akaja kijana na fundi wake, laki nne mkononi, noti zimefungwa mpira. Nikajiambia mzee hajatoa hata shilingi mia. Nikajiambia wangapi husema nishikie halafu simu haipokelewi? Ni wengi, na wewe utakutana nao. Lakini yeye alikuwa hajachelewa. Jumamosi ilikuwa haijafika.

Nikauza. Nikapanga kumpigia usiku, sikupiga. Asubuhi simu ikaita, mzee yuko Kiwira, Kosta imesimama kupakia ndizi, anaomba radhi kwamba atachelewa kidogo. Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Karibu, baba."

Alifika na mfuko wa kilo tano. Nikamwambia fundi wangu aliiuza bila kuniuliza. Fundi mwenyewe alikuwa pale pale, akainama akaanza kufuta spana ambayo haikuwa na uchafu. Mzee akatutazama wote wawili, akasema, "Haya." Hakupandisha sauti, hakudai nauli. Alipogeuka kuondoka nikamkumbusha mfuko wake. Akasema, "Huo si wa giaboksi. Ni wa mama."

Mama aliupika kesho yake akauliza nani huyu mwenye mchele unaonukia hivi. Nikasema mteja.

Tangu siku ile neno "nimekushikia" silitoi hovyo. Nikilitoa, natoa na siku na saa: nakushikia mpaka Jumamosi saa kumi jioni, baada ya hapo niko huru, lakini nitakupigia kwanza. Na kama siwezi, nasema siwezi, anayewahi ndiye atakayechukua. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuambiwa hivyo. Akija mwingine na hela zaidi kabla ya saa hiyo, usimpigie yule wa kwanza umwambie kuna mtu ametoa zaidi. Huko ni kumnadi mtu akiwa safarini. Yule wa pili mwandikie namba yake kwenye daftari, umwambie ukweli: imeshikwa mpaka saa fulani.

Kuna wanaosema dawa ni kudai advansi, kishika uchumba. Inasaidia, lakini nayo ina maneno yake. Pokea kidogo, na ipitie kwenye simu ili ujumbe ubaki, kisha umwandikie ni ya kitu gani na mpaka lini. Asipofika, mimi naona umrudishie. Kama utaikata kwa sababu utafukuza wateja wengine kwa ajili yake, hilo aambiwe siku unapokea, si siku anapokuja kudai.

Mafundi sasa. Mteja atakuja na fundi wake, ndivyo inavyotakiwa, na fundi huyo atakuvuta pembeni akuombe upandishe elfu thelathini, hiyo iwe cha juu yake. Atakuambia ndiyo kawaida ya mjini. Ni kawaida kweli, sikatai, na fundi hali hewa. Mimi huwa nawaambia hivi: "Fundi, bei yangu ni hii, na ya soda nitakupa mwenyewe mbele ya bosi wako." Wengine hununa, mmoja aliondoka na mteja wake kabisa, akaenda kumtafutia iliyooza kwingine. Acha aende. Mteja akija kujua mliongeza pamoja, fundi atasamehewa maana wanaonana kila wiki. Wewe hutasamehewa.

Kurudisha mzungumze kabla hela haijatoka mfukoni. Madukani wanaandika ukutani kwamba vitu vya umeme havirudishwi, basi, na wanayo sababu: olteneta inaweza kuungua kwa waya mbovu za mnunuzi. Wewe huna duka, una uwanja na jina lako. Kwa giaboksi mpe siku tatu tangu ifungwe, sharti oili iwe sahihi na fundi asiifungue ndani. Tia alama za rangi kwenye bolti na kwenye kifuniko cha sampo, lile bakuli la oili la chini, piga picha mbele yake, kila mtu abaki na nakala. Ikirudi ina alama zako, ni yako. Wala usione aibu kumwonyesha hizo alama, usifanye kama unamwekea mtego. Mwambie, "Hii inatulinda sote."

Kasoro unazozijua zitaje wewe kwanza. Ile stata yako inayogoma ikipata joto, ile rejeta uliyozibiwa kwa gundi Makambako mwaka juzi, nazikumbuka, nilikuwepo. Mikanda ya viti iliyowabeba siku ya ajali usimuuzie mtu, ikate kabisa asije akaiokota mwingine.

La mwisho ni hizo sait mira na taa ulizochora namba ya gari. Zilikulinda na wezi, sasa zitamtia mnunuzi mashakani, na ana haki. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, na mtu mwenye akili hataki kulala ndani kwa ajili ya kioo. Kwa hiyo kila anayenunua mwandikie karatasi: jina lako, namba ya kitambulisho, kitu gani, tarehe, sahihi zenu wote. Injini iandikwe na namba yake, maana namba hiyo iko kwenye kadi ya gari. Kadi yenyewe mwonyeshe tu, usimwachie, wala pleti namba usimpe mtu hata akikuambia anataka kupamba ukuta. Mwenye gari la wizi anazihitaji kuliko injini yako. Ukimaliza nenda TRA, mamlaka ya mapato, uulize utaratibu wa kulifuta gari kwenye usajili.

Sasa nina ombi. Yule fundi wa Mwanjelwa ameniambia wiki hii kwamba mtoto wa mzee wa Kyela ndiye anayeendesha teksi siku hizi, na Korola waliiuza wakanunua IST. Giaboksi inateleza, ikifika gia ya tatu injini inapiga kelele gari haliendi. Nimeuliza, ni NCP61 kama la kwako. Mzee sijampigia. Namba yake bado ninayo, lakini safari hii sitamwambia nina kitu kabla sijakishika mkononi.

Ukishamalizana na bima, na giaboksi ikiwa nzima, nishikie wiki moja tangu siku hiyo, mpaka saa kumi jioni ya siku ya saba. Bei taja wewe, sitapunguza. Nitakuja mwenyewe na fundi, na tutaichukua na alama zako za rangi. Kuna elfu hamsini imeingia kwenye simu yako jioni hii. Si ya dawa ya shemeji, hiyo nitaleta nikija. Ni advansi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Ndaga fijo.

Ni mimi rafiki yako,
wa Mafiati