Mwanangu, nenda ukapime damu

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulinikatiza: "Mama, mimi mwembamba, nakimbia kila asubuhi, kolesteroli itoke wapi?" Nikanyamaza, maana nilisikia maneno yangu mwenyewe ya zamani. Ndiyo sababu nakuandikia, unisome hadi mwisho.

Babu yako alifunga kamba za viatu asubuhi, akatoka. Adhuhuri tukaletewa habari kuwa hatunaye. Alikuwa na miaka 44. Tulisema ni kifo cha ghafla, tukazika, tukanyamaza. Nami kifua kiliponibana nikiwa na miaka 51, daktari mmoja aliinama akanipapasa nyuma ya kifundo cha mguu, kwenye kano. Kulikuwa na vinundu vigumu ambavyo miaka yote nilidhani ni sugu za viatu. Kumbe ni kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu, iliyojikusanya pale. Mwanangu, nilivijua vinundu vile! Nilivichezea kwenye miguu ya baba yangu nikiwa mtoto, nimeketi chini yeye akipumzika.

Ugonjwa wetu ni kolesteroli ya juu ya kurithi, hautokani na ulafi wala uvivu. Ini lina vipokezi vinavyoinasa LDL, ile kolesteroli mbaya, na kuitoa kwenye damu. Joseph Goldstein na Michael Brown ndio waliovigundua, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kwetu sisi jeni ina kasoro, vipokezi haviifanyi kazi hiyo sawasawa, na LDL hubaki ikizunguka tangu siku mtu anapozaliwa, ikijipachika kwenye kuta za mishipa kidogo kidogo bila maumivu yoyote. Kukimbia kunakufaa, usiache, ila hakuitengenezi jeni. Takriban mtu 1 kati ya 250 amezaliwa hivi, na wengi wao hawajui. Wasipotibiwa, karibu nusu ya wanaume hupatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kutimiza miaka 50. Wanawake huchelewa kama miaka kumi, lakini hawasalimiki.

Kila mtoto niliyemzaa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi kasoro hii. Kaka yako amepima, hana. Nilimshukuru Mungu, lakini hilo halikupunguzii wewe chochote. Nusu yako iko palepale. Kukurithisha sikuchagua. Kukaa miaka miwili baada ya kujua bila kukueleza vizuri, hilo nililichagua kwa woga, na ninakuomba radhi.

Kipimo chenyewe ni damu kidogo ya mkononi. Kwa mtu mzima, LDL ikifika 4.9 kwa kipimo cha mmol/L, ambayo ni kama 190 kwa mg/dL, daktari hushuku ugonjwa huu. Kwa wewe mwenye mzazi anayeugua, hata namba ya chini ya hapo haipuuzwi. Kasoro ya jeni yangu imeshajulikana, kwa hiyo wanaweza kuitafuta hiyohiyo kwako. Nimeambatanisha nakala ya majibu yangu, nenda nayo.

Wakikuta unayo, kuna dawa za kushusha kolesteroli, zile statini ninazomeza kila usiku. Ni za maisha, na anayeanza mapema huikinga mishipa kabla haijaziba. Mimi nilianza nikiwa nimeshachelewa. Ukiwa unafikiria mimba nyingine, mweleze daktari kwanza, kwani kwa kawaida dawa hizi husimamishwa. Na mjukuu wangu naye atapaswa kupimwa. Watoto wengi wenye hali hii huanzishiwa dawa wakiwa na miaka 8 hadi 10. Ukikutwa huna, basi kwa upande wetu naye amesalimika.

Nitakuja tuende pamoja ukitaka, nitakaa nje kama hupendi niingie. Daktari akikuuliza habari za familia, usiseme tu "kuna ugonjwa wa moyo". Mtajie umri. Babu, 44. Mama, 51.

Ni mimi mama yako