Njoo na ratiba, bahasha iache Ujiji

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Mwakeye! Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwa habari, mara ya pili kwa kile kicheko. Kwa hiyo umechaguliwa chuo hapa Tabora, tutakuwa pamoja tena. Nimeona nikuandikie kabisa, maana mambo haya ukiyasema kwa dakika moja moja hayafiki mwisho, na bando langu unalijua.

Umeniuliza kazi za muda kwa mwanachuo zinapatikana wapi, na barua ya maombi inaandikwaje. Nianze na hiyo barua.

Mwaka wa kwanza bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, lilichelewa, nikasema potelea mbali, natafuta kazi. Nilichapa barua kumi na mbili. "Yah: Maombi ya kazi ya muda", mstari chini yake, "Husika na kichwa cha habari hapo juu", wadhamini watatu, kopi za vyeti, kila seti kwenye bahasha yake ya kaki. Nikavaa ile sketi ndefu ya mahafali, nikazunguka mjini siku mbili na jua lile: maduka ya dawa, hoteli, shule za binafsi. Kila mahali "acha hapo, tutakupigia". Wiki ya tatu nikanunua karanga sokoni, mama wa watu akanifungia kwenye karatasi. Nimefika chumbani, nakunjua, nasoma: "ninajituma na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Mimi huyo! Chumvi imekaa juu ya jina langu. Karanga nilizila zote.

Simaanishi barua haina maana. Shule ikikutaka ufundishe masomo ya likizo, itaidai na utaiandika. Ila barua yangu ilikuwa na uongo mmoja ambao mwenye duka yeyote anaunusa: "niko tayari kufanya kazi wakati wowote." Mwanachuo ana wakati wowote wapi? Hao watu wameshaajiri wenzetu wawili watatu, wakapotea wiki ya mitihani bila hata kuaga. Wanachotaka kujua ni utakuja lini, na lini hutakuja.

Hilo nililijua baada ya kuungua kwanza. Nilipata kibanda cha miamala ya simu, nakaa kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, makubaliano ya mdomo, 80,000 kwa mwezi. Siku moja kuna foleni, mtu ananionyesha meseji ya kuweka hela, nikaamini simu yake badala ya kuangalia salio langu. Usiku floti na keshi vikagoma kukutana, shoti ya 45,000. Mwisho wa mwezi bosi akakata yote, akanihesabia 35,000 mkononi, maneno hakuna. Nikaona ni haki, kosa si langu?

Jirani yangu wa chumba anasoma sheria. Aliponikuta nalia alinifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Shoti inaweza kukatwa, ndiyo, lakini uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe ni kosa lako, mwajiri akuandikie imetokeaje na ni kiasi gani, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Robo ya 80,000 piga mwenyewe. Malalamiko ya namna hiyo unapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA, ndani ya siku 60. Mimi nilikuwa nimekaa na donge langu rohoni mpaka siku zikapita. Kwa hiyo kazi ya kushika hela za mtu, hata akiwa shangazi yako, mwandikiane kwanza. Karatasi ya daftari inatosha, sahihi mbili.

Sasa steshenari, hapa nilipo mpaka leo. Nilikuwa naenda kutoa kopi kama kila mtu, na kila nikienda jioni nakuta foleni imefika barabarani na mama mwenyewe peke yake, kalamu kwenye nywele, anachapa kwa vidole viwili. Sikupeleka bahasha. Nilichukua ratiba ya vipindi, nikapaka nyekundu saa za darasa na kijani saa ninazoweza kuja, wiki za mitihani nikazipiga msalaba. Nikaenda mchana, saa ambayo hakuna watu. Aliiangalia ile kijani muda mrefu, akachomoa kalamu kichwani, akazungushia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. "Hii misalaba?" Nikamwambia, hizo siji, mama, hata uniite vipi. Akasema, "Afadhali wewe umesema." Kisha akanisukumia karatasi ya mkono ya mteja, mwandiko kama wa daktari, akaangalia saa. Nilichapa kurasa tatu natetemeka. Jumanne nikaanza.

Ananilipa 5,000 kwa siku na chai. Si utajiri, lakini hainiachi nikope chumvi.

Na ucheke tena: kazi yangu kubwa sasa ni kuwajazia watu wengine maombi. Dirisha la mkopo likifunguliwa hapa hakukaliki. Watoto wa form six wanafika na wazazi wao, wamelipa ile 30,000 ya Bodi ya Mikopo, lakini cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo, au mdhamini hana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, au fomu haina muhuri wa serikali ya mtaa. Wanarudi, wanakuja, wanarudi. Wa Ajira Portal, ile tovuti ya kuomba kazi serikalini, nao wanakuja na vyeti ambavyo mwanasheria hajathibitisha, siku ya mwisho, saa tatu usiku. Kwenye portal kuomba ni bure kabisa, ila wapo wanaowaambia watu kuna "ada ya kushughulikiwa". Ukiona tangazo kwenye grupu, nafasi ya kazi, tuma elfu kumi ya fomu, futa. Mwenzetu mmoja alituma, akaombwa elfu ishirini ya sare, akatuma pia. Sare mpaka leo iko njiani.

Tyusheni ipo, hasa ukiwa na hesabu au fizikia. Mimi nilikuwa na watoto wanne wa jirani, hesabu za form two, wazazi wakawa wanalipa kwa maembe. Msimu wa maembe Tabora huwezi kumlaumu mtu. Biashara ya kuleta mawese kwa treni usijaribu: dumu langu lilivuja kwenye begi, na shuka zangu zote sasa zina rangi ya mchuzi.

Lakini wewe, kwa nini unahangaika na barua wakati unasuka? Ile twende kilioni uliyomsuka dada yangu siku ya harusi watu waliipiga picha kuliko bibi harusi. Hapa Isevya kuna saluni wanachuo wanajazana Ijumaa na Jumamosi, na dada mwenyewe analalamika wasusi wake wanamkimbia. Nimeshamtajia jina lako. Ameuliza maswali mawili tu: anaweza rasta ndogo, na atakuwa huru siku gani? La kwanza nimemjibu. La pili nimemwambia asubiri ratiba yenu ya mwaka wa kwanza itoke, tuipake rangi pamoja. Ameniambia nafasi anaishikilia mpaka mwezi wa kumi na moja, si zaidi.

Kwa hiyo nitumie picha za misuko yako, nne au tano, zipigwe juani nywele zionekane vizuri, na usiweke zile za kupakua mtandaoni, huyu dada anajua. Namba ya NIDA kama hujapata, ifuatilie ukiwa huko huko Ujiji, huku utaulizwa kila kona. Na ukipanda treni niletee dagaa. Dagaa, shoga, mkavu, kwenye mfuko. Si mawese.

Msalimie mama, mwambie begi nililoazima bado ninalo.

Mimi yule yule,
jirani yako wa mwembe mkubwa